Mkonge Hauliwi

Naandika haya midomo ingali imenivimba, nami nimetoka sasa hivi barazani kwenye kahawa hapa Magomeni, Kilosa, ambako hadhira nzima iliacha habari za bei ya mahindi ili initazame kinywa, hata mzee mmoja, mkata mkonge mstaafu, akaniuliza kwa taadhima iliyonikera kuliko kicheko: "Mwanangu, nyuki?" Nilipomjibu kwamba nimetafuna jani la mkonge, aliweka kikombe chini. "Mkonge hauliwi, mwanangu."

Kwani nilikuwa na njaa? Nilikuwa na hoja. Vitoto vyangu vya mkonge, nilivyoviokota chini ya mlingoti uliokwisha kuchanua, nimevilea kitaluni tangu masika yakome, na kiangazi cha Kilosa kilipozidi ukali nikataka kujua vipi kitoto kisichozidi kidole kinastahimili jua ambalo mimi hulikimbilia mwembeni. Jawabu lake ni la ajabu. Aghalabu mimea hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa ya ukaa, na kila vinapofunguka maji hutoroka. Ama mkonge, kwa hadhari isiyo kifani, huvifunga mchana kutwa, na usiku tu, joto lishapotulia, ndipo huvifungua na kuipokea hewa ile, ukaigeuza asidi na kuiweka akiba katika unene wa jani, hata kukipambazuka vitundu vikafungwa tena, asidi ikavunjwa, na hewa iliyofichwa ikatoka humo humo kwenda kutengeneza sukari. Ndiyo maana jani la namna hii huwa chachu alfajiri na kupoa kadiri jua linavyopanda. Tabia hiyo mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne aliitambua kwa ulimi wake huko India, katika mmea mwingine, na barua yake ikachapishwa mwaka 1815, wala sikusoma popote kwamba alivimba.

Basi baada ya sala ya alfajiri nikakata kipande cha jani, nikatafuna kwa makini ya kitaalamu. Uchachu sikuupata, kwa kuwa washo ulitangulia, na washo haupishi njia. Jioni, nilipopaswa kuonja tena ili nilinganishe, elimu iliniruhusu kupumzika.

Niliposimulia hayo barazani, mzee yule akanionyesha mikono. Utomvu ule ule ulionishinda kwa tonge moja ameushika tangu ujanani, bila glavu, kama alivyoushika baba yake, manamba aliyeletwa kwa mkataba wakati wa Mwingereza na kujaza kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ndipo alipwe. Na shamba lilipofungwa, nyuzi za plastiki zishaangusha bei ya mkonge duniani, stahiki zake zikageuzwa ahadi, na walioahidi wakahama. Hilo silioni kuwa la mzaha.

Mengine ya kiangazi hiki ni madogo. Vitoto vya karibu na mtungi vilioza mizizi kwa wingi wa rehema. Vilivyotolewa kivulini ghafla viliungua vikawa vyeupe. Kuku walipekua vingine.

Walakini Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vitoto 1000 kutoka Florida, na vilivyofika Tanga hai mwaka 1893 vilikuwa 62 tu, kilimo cha mkonge cha nchi hii kikaanzia hapo. Kwa uwiano, mimi nimemshinda, na mzee nilimwambia hivyo. Alinikubalia, ila akataka kujua kama Hindorf alilipwa.