Jinsi ya Kugawa Mswada Wako na Kutoka Salama

Riwaya yako imekwisha. Umeandika neno MWISHO kwa herufi kubwa, umeteremka stendi ndogo, umetoa kopi tano steshenari na kuzibana kwa ile waya ya plastiki nyeusi. Sasa wajuaji wanakwambia uwape watu wausome mswada kabla hujaupeleka kwa mchapishaji. Ushauri huu una hatari ambayo haisemwi: mtu anaweza kuusoma kweli. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa Arusha na vitongoji vya Meru anayetaka kuitimiza desturi hiyo, apate cha kusimulia siku ya uzinduzi, na mswada wake urudi nyumbani bila mkwaruzo.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua wasomaji. Anza na mama. Mama atasoma kurasa tatu, atafuta machozi, ataubeba mswada hadi usharikani, na Jumapili wakati wa matangazo mwinjilisti atasema kijana wetu ametunga kitabu, tumpigie makofi. Fuatisha rafiki unayemdai hela; mdaiwa hajawahi kuona sura inayochosha. Malizia na mjomba mwenye cheo, yule wa Dodoma, ambaye ataurudisha baada ya masika kupita ukiwa na duara la kikombe cha chai kwenye jalada na maneno "Safi sana, endelea" kwenye ukurasa wa kwanza. Huo ndio ukurasa pekee utakaokuwa umefunuliwa.

Wa kuepukwa kabisa ni yule nesi anayesoma riwaya kwenye daladala ya kifodi kila asubuhi akitokea Tengeru, muuza vitabu vya mitumba, na mtu yeyote mwenye tabia ya kuacha kitabu katikati. Huyu wa mwisho ni mbaya kuliko wote kwa sababu anakumbuka ukurasa alioachia. Mhariri mzoefu angekutoza hela nzuri ili akuonyeshe ukurasa huo. Huyu atakutajia bure, tena huku anatafuna muhindi wa kuchoma.

Gawa kopi zote tano siku moja. Hakuna msomaji anayeweza kuisoma hadithi kwa mara ya kwanza mara mbili, ndiyo maana waandishi wenye subira humpa mmoja au wawili, wakarekebisha, kisha wakamtafuta mwingine ambaye hajaiona rasimu ya mwanzo na hajui ulichofuta. Hilo linaweza kula mwaka mzima, na wewe ulishawaahidi watu kitabu kabla ya Krismasi.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakuwahi kumwona mwandishi. Yeye akisifiwa huongeza sura.

Ikiwa ni lazima upate marekebisho, basi mpelekee mwalimu wa Kiswahili, na umpelekee mapema, wakati riwaya bado haijakaa sawa. Atashika kalamu nyekundu. Atakutolea "vitu hizi" na "gari langu zuri imeharibika," ataweka mikato, atakuuliza kwa nini hukuandika "isipokuwa" kama neno moja. Yote hayo ni ya kweli na yana siku yake, nayo ni ile ya mwisho kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Uzuri wa kuyafanya mapema ni kwamba utatumia miezi mitatu kuinyoosha sentensi kwa sentensi sura ambayo ilipaswa kuondolewa yote. Ikishanyooka, utakuwa umeitolea jasho na hutakubali iondoke. Sijaona kinga ya mswada iliyo imara kuliko hiyo.

Tatizo kubwa la kuandikia Arusha ni kwamba watu wa Arusha wanaijua Arusha. Umefungua riwaya kwa shujaa amesimama Mnara wa Saa, jua linachomoza nyuma ya Mlima Meru. Sentensi tamu. Halafu dereva wa bodaboda, ambaye ulimpa mswada kwa sababu tu alikuwa anasubiri abiria, anageuza shingo na kuutazama mlima. "Kaka, Meru si iko kaskazini? Jua linatokea upande wa Moshi." Anaendelea, maana watu hawa wakianza hawaachi: ukitaka jua likuchomozee nyuma ya Meru nenda upande wake wa magharibi, na ukitaka likutulie nyuma yake nenda Momella. Mjibu kwamba hiyo ni lugha ya picha.

Sura ya pili, wapenzi wanakutana sokoni Tengeru siku ya Jumatatu, katikati ya msongamano. Mama muuza nyanya atakuuliza msongamano wa nani, wakati siku za gulio ni Jumatano na Jumamosi. Mwambie ni hadithi ya kubuni. Sura ya tano, bibi wa Kimeru wa Akheri anamlaani mkwewe kwa Kimaasai. Hapo utapoteza kata nzima. Waarusha ndio wanaozungumza Kimaa. Wameru wana Kimeru chao, ndugu wa Kichagga, na hakuna bibi wa Akheri atakayelaani kwa lugha ya jirani wakati ya kwake inatosha na kubaki. Mwambie msomaji kwamba wasomaji wa Dar es Salaam hawatajua. Ni kweli hawatajua. Ila watahisi kuwa bibi huyu hatoki popote, na watashindwa kusema kwa nini hawakumwogopa.

Halafu kuna mazungumzo ya wahuni. Umeandika majambazi watatu wa Ngarenaro wanagawana mali ya wizi, na mmoja anasema, "Ewe mwenzangu, mgawo huu haukuzingatia haki." Chalii yeyote wa mji huu, uliokulia kwenye hip hop, atakuuliza kama hao ni majambazi au ni kamati ya harusi. Usimruhusu ayasome kwa sauti. Mazungumzo mabovu hujulikana yakisomwa kwa sauti na mtu ambaye hakuyaandika, kwa sababu ulimi wake utakwama palepale ambapo wako ulipita kwa mazoea.

Lakini hatari kuu ni mgumu, yule mpagazi anayebeba mizigo ya watalii milimani. Katika sura yako ya mwisho shujaa anaondoka Usa River alfajiri, yeye na Neema anayempenda, wawili tu, amevaa kandambili za matairi, na kabla ya chakula cha mchana yuko kileleni anamtamkia Neema mapenzi yake kwa kurasa mbili. Mgumu atacheka mpaka aweke mswada chini. Meru hupandwa kwa siku tatu au nne. Unatoka lango la Momella na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, unalala Miriakamba, unalala Saddle, halafu unaamshwa usiku wa manane uanze kupanda ili jua likukute juu, zaidi ya mita 4,500, kwenye kilele ambacho ramani zinakiita Socialist Peak. Hayo ungeyapata kwenye kijitabu cha hifadhi. Kitu ambacho hakimo kwenye kijitabu ni hiki atakachokisema akiwa anafuta machozi ya kicheko: "Pale juu, kaka, mdomo umeganda. Hotuba yote hiyo anaisema na mdomo gani?"

Hapo ndipo mwandishi dhaifu huharibikiwa. Huenda nyumbani, akaikata hotuba, akamwachia shujaa maneno matatu yanayotoka kwa shida, au akayahamishia mapenzi yale kibandani Saddle usiku uliotangulia, wakati wote wawili wanaogopa kesho. Tukio linapona. Mgumu hakuwahi kusoma nadharia ya fasihi na wala hakukusudia kugusa mapenzi ya Neema. Yeye alisema habari ya baridi tu. Kwa hiyo ukiona mpagazi, ficha sura ya mwisho.

Kama riwaya yako ni ya kihistoria, hali ni mbaya zaidi. Tuseme umeandika kuhusu Ngarenanyuki, Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ngarenanyuki watoto na wajukuu wa waliofukuzwa bado wapo. Mzee wa namna hiyo macho hayamsaidii tena, itabidi umsomee. Ukimsomea utayaona mambo ambayo hakuna fomu ya maoni inayoyaonyesha: anapokaza uso, anapouliza "Halafu?", na anapoomba ugoro katikati ya aya yako bora ya mandhari. Utajua pia kwamba uliandika kilio cha watu na ukasahau kuandika ng'ombe walikwenda wapi. Dawa ni rahisi. Mtumie mzee faili la PDF.

Kuna mifano mibaya ambayo vijana hufundishwa shuleni, na sina budi kuwatahadharisha. Katika miaka ya 1950 Chinua Achebe alikuwa London kwa mafunzo ya BBC, akampa mswada wake Gilbert Phelps, mkufunzi pale na mtunzi wa riwaya. Phelps aliupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Mtu mwenye akili timamu angenunua suti. Achebe akasema subiri kwanza. Alirudi nao Nigeria, akaona kwamba amebana vizazi vitatu ndani ya kitabu kimoja, akakata. Kikabaki kisa cha Okonkwo, kikatoka mwaka 1958, nasi tukakisoma kwa Kiswahili kama *Shujaa Okonkwo*; mjukuu akasubiri hadi 1960 apate riwaya yake mwenyewe. Ukisifiwa na bado ukaenda kukata, umemkosea adabu aliyekusifu. Na tabia hii huambukiza. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi pale Makerere, mwanafunzi mmoja aliyeitwa Ngũgĩ alimpelekea Achebe huyohuyo mswada wake ausome, na mwaka 1964 *Weep Not, Child* ikatoka Heinemann.

Wala usidhani mambo haya ni ya mbali. Muhammed Said Abdulla alishinda kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* katika shindano la hadithi la 1957–58, yaani majaji walikisoma kisa hicho kabla ya umma, kitabu kikatoka 1960. Hapahapa mjini ndipo ilipokuwa Eastern Africa Publications, waliotoa *Gamba la Nyoka* ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1979. Ile ni riwaya inayovitazama vijiji vya ujamaa kwa jicho lisilopepesa, na imetolewa katika mji lilikozaliwa Azimio la Arusha miaka 12 kabla yake. Lazima kuna mtu aliyeuweka mswada ule mezani, akausoma hadi mwisho, akasema upite. Roho yake ilikuwa ngumu, na mimi ningependa sana angekuwa jirani yangu. Wewe utamhitaji wa nini?

Tuje kwenye kikao chenyewe, maana msomaji akimaliza atataka kuonana nawe. Mpeleke kwenye nyama choma na ulipe wewe, ili aone haya. Anza kusema kabla yake. Uliza, "Umeipenda, eeh?" Usimuulize kamwe aliiweka chini wapi akaenda kupika, ni wahusika gani wawili aliowachanganya, alidhani nini kitatokea baada ya sura ya nne, au ni kurasa zipi aliziruka. Maswali hayo yana majibu. Akianza kulalamika mkatishe kwa kusema, "Hapo mimi nilikusudia..." halafu fafanua mpaka mbavu za mbuzi zipoe. Ufafanuzi hufanya kazi vizuri sana, mradi uwe tayari kumfuata kila atakayenunua kitabu, hadi Karatu na Babati, ukae naye kitandani umfafanulie.

Atakupa na dawa. Wasomaji wote ni waganga: huyu atasema muue Neema mapema, yule atasema mfufue, wa tatu atataka awe pacha. Kuhusu dawa hukosea mara nyingi; kuhusu mahali panapouma hukosea mara chache mno. Basi wewe fanya kinyume. Kunywa dawa zote walizokupa na upuuze pale walipogusa. Wakitokea watatu wasiojuana wote wakachoka sura ya saba, usianze kurudi nyuma kutafuta ulichosahau kupanda sura ya tatu. Sema wamekutana kijiweni wakapanga.

Na wale walionyamaza? Wasomaji wengi hawatasema kitu, na ukiwapigia watakwambia wamebanwa na mahindi, na ada, na msiba. Hesabu ukimya wao kuwa ni kustaajabu. Mtu akishindwa kuuweka chini mswada humaliza kwa siku mbili na kukupigia usiku, lakini hilo halikuhusu.

Limebaki jambo la shukrani, zile za mwanzoni mwa kitabu. Mshukuru Mungu, mama, mwinjilisti na mjomba kwa majina na vyeo vyao. Yule nesi wa kwenye kifodi, kama kwa bahati mbaya aliupata mswada na akakulazimisha kuondoa kurasa 40, muweke kwenye "na wengine wengi ambao kwa ufinyu wa nafasi siwezi kuwataja," ingawa nafasi yenyewe alikupa yeye.