Namna ya Kuzeeka Macho Bila Kuvaa Miwani

Umevuka arobaini, na herufi za kwenye simu zimeanza kutembea kama sisimizi. Usihangaike, mzee mwenzangu. Hapa Msowero tunao utaratibu wetu.

Anza na mkono. Peleka simu mbali, rudisha kichwa nyuma, kunja uso kama aliyelamba ndimu. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kwa umri na kushindwa kutazama cha karibu. Basi hicho cha karibu wewe kisukume mbali. Dawa hii ni ya bure na hufanya kazi mpaka mkono uishe. Ukiisha, ita mjukuu. Atakusomea ujumbe wa M-Pesa kwa sauti ya kupokea mwenge, uwanja mzima ujue mpunga umelipa kiasi gani, na kabla ya magharibi mashemeji wawili watakuwa wamekuja kukujulia hali.

Maandishi ya simu usiyakuze, ingawa hakuna anayekutoza. Herufi kubwa ni za chekechea.

Dawa ya viwavi vya mahindi ndiyo yenye uhondo. Kwenye chupa wameandika kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kula ulichopulizia, kwa herufi za ukubwa wa yai la chawa. Achana nazo. Pima kwa kizibo, viwili au vitatu kadiri moyo unavyokutuma. Viwavi wasipokufa, sema dawa imechakachuliwa. Mchele nao wachambue wengine. Wewe kijiwe utakiona kwa jino. Zamu ya kusoma neno kanisani ikikufikia, omba Zaburi ya 23. Hiyo haihitaji macho.

Ukizidiwa kabisa, panda gari mpaka Dumila ukamtafute machinga wa miwani. Tazama fremu kwanza, ya dhahabu ikiwezekana. Kile kibandiko cha +1.50 au +2.50, ambacho ndicho nguvu ya lenzi yenyewe, kibandue upesi kisikuchanganye. Ukifika nyumbani, miwani hiyo hiyo ivaliwe na mkeo, dada yako na fundi cherehani wa jirani.

Kupima macho, kamwe! Mpimaji anaweza kukukuta na presha ya macho, ile inayokula uwezo wa kuona polepole bila maumivu, akakuharibia siku.

Kuna utafiti wa mwaka 2018 wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza uchumaji kuliko wenzao kwa karibu asilimia 22. Lakini hao ni Wahindi na chai yao, sisi tuna mpunga.

Haya nimeyaandika na miwani ya mke wangu puani, yenye maua ya waridi pembeni. Amesimama mlangoni na ungo, anaisubiri.