Mwenyekiti, Bodi Haibadilishwi Peke Yake

Kikao cha SACCOS yetu kimeamua kompyuta ya uhasibu ibadilishwe mazabodi, na kimetenga laki mbili. Hakuna aliyeuliza swali. Mkopo wa mwanachama mmoja hujadiliwa mpaka chai ipoe, lakini mazabodi ilipita kwa kunyoosha mikono, kwa sababu mwenyekiti alishasema mpwa wake alibadilisha ya kwake nusu saa tu na sasa mashine inapaa.

Kompyuta yenyewe haijaharibika. Inawaka, inakoroma kidogo, inapiga kazi. Kosa lake ni uzee. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kitu kinaitwa TPM 2.0. Aliyetuuzia programu ya mahesabu naye katuarifu kwamba toleo lake jipya halikai kwenye Windows ya zamani. Mashine iliyotunza akiba za watu miaka yote hiyo inastaafishwa bila kiinua mgongo.

Basi nikaibeba mashine, nikaenda Kariakoo na laki mbili zangu za kikao.

“Karibu bosi. Soketi gani?”

Soketi ninayoijua mimi ni ya ukutani. Fundi akanionea huruma, akavuta stuli. Kila bodi, akasema, ina soketi ya prosesa zake, na zetu za 2012 zinakaa kwenye soketi 1155, yaani pini 1155. Sawa. Mwaka 2013 ikaja 1150. Naomba msomaji arudie kusoma: baada ya 1155, 1150. Mimi ningeandika hesabu hivyo, mkaguzi angeniita ofisini. Halafu 2015 ikaja 1151, kisha 1200, kisha 1700, na 2024 ikaja 1851. Na hiyo 1151 ina vituko vyake: 2017 zikatoka prosesa mpya za soketi hiyo hiyo, zinatumbukia vizuri kabisa kwenye bodi ya 2015, ila mashine haiwaki. Upande wa AMD wana soketi AM4 ya mwaka 2016, na mpaka 2024 walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya. Fundi alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekumbuka enzi za nidhamu.

Kwa hiyo bodi mpya ni lazima na prosesa mpya. Na hapo uangalie herufi. Core i3-12100 ina picha zake ndani. Core i3-12100F ni nafuu, lakini ukiichomeka, skrini inabaki nyeusi mpaka ununue kadi ya picha. Herufi moja tu, mwanangu!

RAM nazo. Zetu ni DDR3, zibaki kumbukumbu. Bodi za soketi 1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na zote mbili RAM zake zina pini 288, ila lile pengo la katikati limesogezwa makusudi zisiingiliane. Bodi zote mbili zinapangwa rafu moja, maboksi yanafanana, na muuzaji wa duka la jirani anakuhakikishia kwamba “zote DDR.”

Nikauliza kama kasha letu litafaa. Fundi akalifungua, akacheka peke yake. Kumbe mashine hizi za ofisi, pawa saplai ina plagi yake isiyofanana na ya wengine, matundu ya skurubu yamekaa kivyake, na ule uso wa nyuma umeungwa na kasha lenyewe. Kasha na pawa saplai vikaingia kwenye karatasi yangu ya mahitaji. Windows nayo, ile iliyokuja na mashine, leseni yake imefungwa kwenye bodi ya zamani; bodi ikiondoka, imeondoka nayo.

Huenda ningevumilia yote hayo kama si printa. Printa yetu ya risiti za kaboni, ile inayolia kama cherehani ya mitumba, inatumia waya wa LPT wenye ile plagi pana ya pini 25, na wanachama hawaamini risiti isiyopiga kelele. Bodi mpya nyingi tundu hilo hazina. Zina taa. Zina majina: moja Mortar, nyingine Tomahawk, kana kwamba nakwenda vitani na daftari la marejesho.

Fundi akanishauri bodi ya Kichina ya soketi ile ile ya zamani: bodi mpya, chipu iliyong'olewa kwenye bodi iliyokufa. Laki mbili inabaki na chenji. “Zinapiga kazi, bosi.” Nikauliza waranti. Akasema nikitoka nayo dukani inawaka, hilo anahakikisha. Na hata ikiwaka, prosesa ni ile ile ya 2012, na Windows 11 haitaki hata kuiona.

Mwishowe akachimbua stoo akaleta moja: soketi 1700, DDR4, TPM ipo, na pini za LPT zimejificha pembeni kabisa. Haina taa hata moja. Nikaipenda.

Nikapeleka karatasi kikaoni: bodi, prosesa, RAM, kasha, pawa saplai, leseni, waya wa LPT. Mwenyekiti akaisoma mara mbili, akauliza mbona mpwa wake alinunua kitu kimoja. Kisha akakumbuka kanuni za manunuzi: ziletwe profoma tatu, za maduka matatu tofauti, za bodi hiyo hiyo.

Kariakoo nzima nimeiona moja. Fundi kanipigia jana kwamba kuna mtu wa studio anaiulizia, na ana hela mkononi.