Theluji Hatuna, Ndege Tunao

Kwenye nchi za theluji watu humwaga nafaka uani, wakakaa dirishani kutazama ndege. Hapa Matwebe, Juni hadi Agosti, weupe wetu ni ukungu: unaumeza Mlima Rungwe na mita zake karibu 3,000 zote. Anayetaka weupe wa ardhini apande Kitulo alfajiri, akakute sakitu kwenye nyasi. Sisi wa huku chini tuna sweta, chai na ndege. Nimewapanga, kuanzia mkiani.

6. Kunguru. Mwizi wa sabuni. Ukianika mahindi, yeye ndiye msimamizi, na mshahara anajilipa mwenyewe.

5. Kwarara. Kwa mdomo wake mrefu uliopinda anachokoa minyoo kwenye udongo uliolowa, kazi ya heshima kabisa. Tatizo ni sauti. Akipita juu ya paa kabla hakujapambazuka, jogoo hana tena la kutangaza.

4. Shorewanda. Mapera yako yakiiva, yeye anajua kabla yako. Tuendelee.

3. Pasa. Hawa ndio walimu wa baridi. Usiku hubanana tawini kama abiria wa daladala ya mwisho, wapeane joto. Asubuhi jua likichungulia, wananing'inia na kulielekezea matumbo, mikia mirefu ikining'inia chini. Si uvivu: wanakula majani mengi na matunda, na joto lile husaidia tumbo kusaga. Mwanadamu akifanya hivyo saa tatu asubuhi, mama mkwe ataitisha kikao.

2. Mbayuwayu wa Ulaya. Hayupo! Ameondoka tangu Aprili kwenda kuzaa huko kwao, anafaidi jua sisi tukitetemeka. Kule baridi ikibisha hodi, mwezi wa kumi huyu hapa kwenye waya wa umeme. Maisha yake yote hajahitaji sweta. Nafasi ya pili nimempa kwa akili tu, mahudhurio ni sifuri.

1. Chozi. Mgomba hauna msimu. Kila mwezi kuna ua linaloning'inia shambani, na ndani yake nekta. Kwa hiyo baridi iwe ya namna gani, chozi yuko kazini, dume anametameta katikati ya ukungu wa kijivu. Jirani yangu anabisha kwamba ni kadogo mno kushika namba moja. Nikamuuliza: wewe na unene wako wote, leo umetoka kitandani saa ngapi?