Sifa za Tisa

Sifuri imeandikiwa vitabu, saba ina heshima yake katika dini, na anayepata kumi kwa kumi darasani hupigiwa makofi. Tisa haijapata wa kuisemea, ingawa hakuna tarakimu inayochapa kazi kuishinda. Anayeingia supamaketi yoyote ya Nairobi au Mombasa huikuta imejipanga rafu kwa rafu: sufuria 999, blanketi 1,499, feni 2,999. Wala haina makuu. Mara nyingi husimama mwisho kabisa na kuwaachia wengine nafasi ya mbele.

Unyenyekevu huo una faida yake. Jicho husoma bei kuanzia kushoto, na likishaiona ile 2 ya feni, akili imekwisha kukata shauri kwamba hiyo ni feni ya elfu mbili na kitu. Mwaka 2005 watafiti Manoj Thomas na Vicki Morwitz walionyesha kwamba kupunguza senti moja huifanya bei ionekane ndogo zaidi pale tarakimu ya kushoto inapobadilika. Isipobadilika, senti hiyo imepotea bure.

Tisa pia ina huruma. Watafiti wengine, Eric Anderson na Duncan Simester, waliwahi kuuza gauni lilelile kwa njia ya katalogi huko Marekani kwa bei tatu: dola 34, 39 na 44. Lililonunuliwa zaidi lilikuwa la 39, likalishinda hata lile la 34. Walionunua lile la 39 walitoa dola tano za ziada, na bado wakajiona wamepata la bei nafuu. Ni serikali gani imewahi kutoza watu na kuwafurahisha kwa mpigo?

Na ukarimu je? Kwa kila noti ya elfu, tisa humrudishia mteja shilingi yake nzima, ile ndogo iliyotolewa mwaka 2018 ikiwa na picha ya twiga. Sarafu zilipoadimika, keshia alimpa peremende, naye akatoka dukani akimumunya akiba yake. Siku hizi anayelipa kwa M-Pesa hutuma 999 kamili, kwa hiyo hata peremende haipo. Punguzo limebaki pale kwenye kibao cha njano, kando ya bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

Inasimuliwa hata kwamba tisa ilizaliwa ili kulinda uaminifu. James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, alichoshwa na wahudumu waliotia mauzo mfukoni, akabuni mashine ya kuhesabia fedha mwaka 1879. Bei isiyo kamili, wanasema wasimulizi, ilimlazimu mhudumu kufungua droo ili atoe chenji, na mauzo yakaandikwa. Kama ni kweli, basi tisa ilianza kwa kumzuia mwajiriwa asimwibie tajiri. Tangu hapo imepandishwa cheo, sasa inashughulika na mteja.

Waliothubutu kuifukuza walikiona. Ron Johnson, aliyetoka Apple, alishika uongozi wa maduka ya JCPenney ya Marekani Novemba 2011, na mwaka 2012 akaamua kuwaheshimu wateja: bei kamili, bila senti 99, bila kuponi, bila ofa za kila wiki. Wateja walioheshimiwa hivyo walihama. Mauzo ya mwaka huo yalianguka kwa karibu robo, kutoka dola bilioni 17 na ushei hadi bilioni 13 hivi. Aprili 2013 Johnson aliondolewa, na kuponi na ofa zikarudi kwa shangwe.

Mwezi uliofuata kampuni ilirusha tangazo la televisheni, ikakiri kwamba imekosea na kuwasihi wateja warudi. Miongoni mwa makosa iliyokuwa ikiyajutia lilikuwamo hilo la kuwatajia watu bei yenyewe.