Sifa za Folda Isiyofutika

Wapo wanaoisifu treni ya umeme inayopita Kilosa, wapo wanaosifu tembo wa Mikumi. Mimi nasimama kuisifu folda iliyoingizwa kimakosa kwenye repo (ghala la faili) ya mradi wetu: picha za sendofu, video ya warsha, kanzidata nzima, na nenosiri la seva likiwa uchi.

Ni karimu. Meneja na kijana wa mafunzo kwa vitendo, wote wakinakili repo wanapewa video ileile. Pia inafundisha subira, maana kuinakili kunachukua muda.

Lakini utukufu wake ni kumbukumbu. Linus Torvalds alipoiandika Git, programu inayotunza historia ya repo, mwaka 2005, alitupa karani asiyepoteza jalada. Ukimwamuru atengue, hachani kitu. Anaongeza ukurasa kwamba jambo limetenguliwa, na lenyewe linabaki chini likiwa na muhuri wake wa herufi na tarakimu 40. Hata historia yote ukiiandika upya kwa zana ya filter-repo, nakala ya mwenzako aliyeko Mikumi bado inayo. Siku akiunganisha kazi yake, folda hiyo inarudi, wala haipigi hodi. Laiti karani huyu angekaa masjala ya ardhi! Katika wilaya hii ya Kilosa, ya mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, hati zilizofutwa, wakulima na wafugaji wanaogombea mipaka, nani angethubutu kumwambia mzee jalada lake halionekani, arudi Jumatatu?

Ila bando langu jamani! Kila akija mtu mpya kunakili repo kwa intaneti yangu, gigabaiti zinateketea kwa keki ya sendofu ya binti nisiyemjua.

Na aliyeipakia? Mtaalamu elekezi. Alikuja, akasema kila kitu kiwekwe humo, akasaini posho, akaondoka. Kwenye barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kuna bango la faini, ukigonga mnyama bei unaijua. Mtaalamu elekezi hana bango. Mkuu wa mradi naye akaniuliza, "Si ufute tu?" Nikamweleza kwamba kila mmoja lazima atupe nakala yake na kunakili upya, wote kwa pamoja. Akaitisha kikao. Kikao kikaunda kamati. Kamati imeomba posho.

Waheshimiwa, kamati iendelee na vikao vyake. Ninachoomba ni nenosiri libadilishwe leo, kwa sababu hata folda ikiondolewa, aliyekwisha kulisoma amekwisha kulisoma. Hadi naandika haya ni lilelile.