Sifa za Stika ya Marumaru

Wanadamu hatuna shukrani. Mninga husifiwa, mpingo husifiwa, hata mkeka wa ukindu haukosi wa kuusemea. Lakini stika, ile plastiki yenye gundi mgongoni inayovisha makabati, friji na kuta za jiko kuanzia Kariakoo hadi Mombasa, huambulia kejeli tu. Leo imepata wakili.

Tuanze na nasaba yake, maana si ya kudharauliwa. Mwaka 1926, huko Marekani, mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta kitu cha kugandisha mpira kwenye chuma. Hakukipata. Badala yake alipata plastiki laini inayokunjika: vinili. Waliokuja baadaye ndio walioipaka gundi mgongoni. Stika basi ni mtoto wa jaribio lililoshindwa kunata, na hadi leo haijasahau asili yake, hasa pembezoni.

Tazama na ukarimu wake. Marumaru ya Carrara, Italia, ambayo Michelangelo alichongea sanamu ya Daudi, hukatwa mlimani na kusafirishwa kwa tani. Yako ya stika hupanda daladala ikiwa imeviringishwa kwapani, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Tena michirizi yake hujirudia ileile, kwa vipimo vilevile, kutoka mlango wa kabati hadi mlango wa pili. Mlima wa Carrara haujaliweza hilo.

Hujenga familia pia. Baba hushika juu, mama hubandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, mtoto hufuata akisugua kwa kadi ya benki, ambayo katikati ya mwezi haina kazi nyingine. Malengelenge yakijitokeza, kila mmoja anajua yamesababishwa na nani. Hayo hutobolewa kwa sindano yakaisha. Maneno yaliyotamkwa juu yake huchukua muda zaidi.

Wapinzani husema haikai kwenye ukuta wa chokaa. Uzushi! Stika huing'ang'ania chokaa kwa uaminifu kamili. Chokaa ndiyo inayoachana na ukuta. Husema pia kwamba hujikunja ikiwa karibu na jiko la gesi. Nao wakae hapo saa ya kukaanga samaki, tuone watakavyonyooka. Na friji iliyoliwa na kutu kwa hewa ya bahari? Unyevu ukishanaswa chini ya stika, kutu hupata kitu adimu katika nyumba zetu za kupanga: faragha ya kufanyia kazi.

Wahenga nao huletwa kutoa ushahidi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ushahidi huu nauomba mimi. Kabati lako halina hata hicho kipande cha mti. Ndani ni maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, na yamekwisha kuvimba kwa maji ya sinki. Mkakasi ulikuwa na bahati.

Kisha ije siku ya kuhama. Plastiki hutoka pamoja na rangi ya mwenye nyumba, gundi ikabaki, uipashe moto kwa draya au uisugue kwa mafuta ya taa. Ni wapangaji wangapi huacha kumbukumbu ya kudumu namna hiyo?

Kwa yote haya stika inastahili heshima, pamoja na sifa moja ambayo sisi tunaoibandika hatuna: haijawahi kudai kwamba inatengeneza kitu. Madai hayo ni yetu. Basi, ndugu msomaji, futa vumbi, kausha, bandika kwa raha zako. Lakini lile bomba linalovuja chini ya sinki lizibe kwanza, maana hilo stika haijakuahidi.